Kilwa Kisiwani: Jinsi Mji Ulivyogeuka Kijiji

Kilwa Kisiwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima wadogo katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kilomita 300 hivi kusini mwa Dar es Salaam. Kimekaa juu ya kisiwa kilichotengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye upana wa kilomita mbili hivi. Ng'ambo ya mlango huo, juu ya rasi, upo mji wa Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na mwendo wa kilomita zipatazo 25 kaskazini zaidi ipo Kilwa Kivinje. Kilwa hizi tatu ni mji mmoja uliohama mara mbili katika muda usiozidi miaka mia mbili.

Nyumba za kijiji, nyingi zikiwa za miti na udongo, zimetawanyika kati ya magofu ya misikiti, majumba na makaburi ya mawe. Katika karne ya 14 hapa palikuwa na mji uliotawala biashara ya dhahabu ya pwani nzima ya kusini. Imezoeleka kueleza kupanda na kushuka kwake kwa kuwataja waliotoka ng'ambo: Washirazi walikuja mji ukasitawi, Wareno walikuja ukaanguka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Hayasemi kwa nini wageni walichagua kisiwa hiki na si kingine, wala kwa nini mji ulioinuka tena baada ya Wareno kuondoka ulikuja kufifia karne tatu baadaye bila kupigwa mzinga. Majibu ya maswali hayo yako zaidi katika kina cha maji, majira ya pepo na njia za bara.

Pwani ya kusini mwa Tanzania ina mabonde ya mito ya kale yaliyozama bahari ilipopanda. Lindi, Mikindani na Mtwara zimekaa kwenye mabonde ya namna hiyo, na bandari ya Kilwa nayo ni ya jamii hiyo. Kisiwa kimeziba sehemu kubwa ya mdomo wa bonde, kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu huvunjikia upande wa mashariki na ndani hubaki maji tulivu yenye kina cha kutosha vyombo vikubwa. Kusini mwake kuna visiwa vingine, vikiwemo Songo Mnara na Sanje ya Kati, na baina yao mikoko imeota kwa wingi kandokando ya mikono ya bahari. Mikoko hiyo ilitoa boriti za kuezekea nyumba za mawe, kuni za kuchomea chokaa na makimbilio ya samaki.

Bahari ya hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Maji yakipwa, miamba hubaki wazi kwa masaa, na wanawake huingia na vijiti na vikapu kutafuta pweza na kombe. Zamani kupwa huko kulikuwa pia chombo cha kazi bandarini. Jahazi liliingizwa ufukoni wakati wa kujaa, likategemezwa kwa magogo, na maji yalipoondoka likabaki limekaa juu ya mchanga. Hapo shehena ilishushwa kwa mabega, na mafundi wakapata nafasi ya kukwangua mwani na chaza, kuziba nyufa na kupaka shahamu kabla maji hayajarudi. Pwani ya namna hii haikuhitaji gati.

Ardhi ya kisiwa ni mawe ya matumbawe ya kale yenye udongo mwembamba juu yake. Inafaa mihogo, mtama, minazi na mikorosho, na mibuyu huota yenyewe. Maji hupatikana kwa visima, na vile vilivyo karibu na ufuko huwa na chumvichumvi. Kwa kifupi, kisiwa kingeweza kulisha kijiji, lakini mji wa maelfu ya watu ulihitaji nafaka, mbao na watu wa bara, hata pale watawala wake walipojigamba kwa nasaba za Uajemi na Yemen.

Sababu kubwa kuliko zote ni pepo. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Desemba na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Nahodha aliyetoka Aden au Hormuz aliweza kufika Kilwa, akauza, akanunua na kurudi katika mzunguko mmoja wa majira. Akizidi kwenda kusini, alikuwa akicheza na muda: kaskazi hudhoofika kadiri chombo kinavyokaribia Msumbiji, na aliyechelewa alilazimika kungoja karibu mwaka mzima. Dhahabu, hata hivyo, ilikuwa ikitoka huko huko kusini, katika nyanda za juu za Zimbabwe, na kushukia baharini Sofala. Ilihitajika bandari ya kukutanisha safari mbili, ile ndefu ya Bahari ya Hindi na ile fupi ya kufuata pwani hadi Sofala. Mombasa na Malindi zilikuwa kaskazini mno kwa kazi hiyo.

Kuhusu asili ya mji, kuna habari za aina mbili. Ya kwanza ni tarehe ya Kilwa (masimulizi ya historia yake), iliyotufikia kwa nakala mbili: moja ya Kiarabu, na nyingine ya Kireno iliyochapishwa na mwanahistoria João de Barros mwaka 1552. Kwa mujibu wake, Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi pamoja na baba yake na ndugu zake kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake, na lake likafika Kilwa. Alikikuta kisiwa kina wenyewe, na hata Mwislamu mmoja na msikiti, akakinunua kwa mtawala wa bara kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Nakala ya Kiarabu inaongeza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: wakati ule mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa, na aliyeuza alikusudia kurudi na watu wake akichukue kwa nguvu. Mnunuzi akachimba mlango ukawa na kina, na adui aliyefika ng'ambo akangoja maji yapwe, yasipwe.

Ya pili ni habari ya ardhi yenyewe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Tabaka za chini kabisa zilionyesha makazi ya tangu karne ya 8 au ya 9: nyumba za miti na udongo, ufuaji chuma, shanga za kombe, mifupa ya samaki, na vyungu vya aina ile ile iliyotumika kwingineko pwani na bara. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba watu hao waliondoka na wengine wakaingia. Nyumba za mawe, sarafu na vyombo vya kigeni viliongezeka juu ya maisha yaliyokuwepo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochukua mifupa kutoka makaburi kadhaa ya pwani, yakiwemo ya Kilwa na Songo Mnara, ulikuta mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000: upande wa mama karibu wote wa Kiafrika, upande wa baba kwa sehemu kubwa wa Asia, hasa Uajemi. Tarehe ya Kilwa basi haikutunga Uajemi hewani. Ilichofanya ni kuwapa waanzilishi wanaume jina na majahazi, na kuwaacha wake zao na wakwe zao bila kutajwa. Hadithi ya nguo ilikuwa na kazi yake pia, maana ilimpa mtawala hati ya kumiliki ardhi.

Kwa muda mrefu dhahabu ya Sofala ilisimamiwa na wafanyabiashara wa Mogadishu. Kilwa iliwapokonya nafasi hiyo, na kufikia mwanzo wa karne ya 14, chini ya nasaba ya pili ya masultani, ile ya Mahdali yenye asili ya Yemen, ilikuwa kileleni. Mtawala mashuhuri wa nasaba hiyo ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa madarakani takriban kati ya 1310 na 1333. Katika ujana wake alikwenda kuhiji na kukaa Aden akisoma, na huenda huko ndiko alikopata ladha ya majengo makubwa. Juu ya jabali la mashariki ya mji alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua za mapokezi, sehemu ya maghala na birika la kuogea lenye pande nane. Halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Kwa ukubwa lilipita mahitaji ya kisiwa, na pengine uwezo wa hazina yake.

Msikiti Mkuu unafaa zaidi kuonyesha afya ya mji. Sehemu yake ya kaskazini, ndogo na yenye paa la bapa, ni ya karne ya 11 au ya 12. Al-Hasan aliongeza upande wa kusini ukumbi mkubwa wenye kuba na matao. Baadaye paa hilo lilianguka, na kwa miongo mingi hakuna aliyelijenga upya. Kazi hiyo ilifanyika katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Pengo hilo linaeleza kitu ambacho orodha ya masultani haielezi, kwamba fedha ziliadimika katikati ya karne ya 14 na kurudi baadaye. Songo Mnara, ambao ni mji mpya wa mawe katika kisiwa cha jirani, ulijengwa wakati fedha ziliporudi.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kumkuta al-Hasan akitawala. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akamsifu sultani kwa ukarimu, na akaeleza kuwa majengo yake ni ya mbao. Wasomaji wengi wamesumbuliwa na neno hilo la mwisho, kwani msikiti na jumba la mawe vyote vilikuwa tayari vimesimama au vikijengwa. Ugumu unapungua ikikumbukwa kuwa watu wengi wa Kilwa, zamani kama sasa, waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, na mgeni aliyetembea mitaani aliona hizo zaidi. Magofu yanayobaki ni ya matajiri tu.

Sarafu ni ushahidi mwingine wa ukubwa wa mji. Kilwa ilipiga sarafu za shaba zenye jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yakipangwa yakubaliane kwa vina na jina hilo. Nyingi zilitumika kisiwani na visiwa vya karibu. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeonekana Zimbabwe Kuu, na nyingine kadhaa za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko haijathibitishwa, na msomaji asiharakishe kuziundia safari.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa mali ya baharini. Hans Mayr, aliyekuwa katika kundi la meli za Wareno mwaka 1505, alieleza jinsi chokaa ilivyotengenezwa: magogo yalipangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakawekwa ndani, kisha yakatiwa moto hadi mawe yakalainika. Tanuu la namna hiyo bado linajulikana pwani nzima. Alikadiria watu 4,000, akataja nyumba za ghorofa, bustani za ndimu na michungwa, mashamba ya mtama, na watumwa wengi waliolima mashamba hayo. Kutajwa huko kwa watumwa hakufai kurukwa. Ustaarabu wa Kilwa ulikuwa na tabaka, na waliolima hawakuwa waliokaa barazani.

Wareno walikuja wakijua wanachotafuta. Nahodha wao Cabral alitia nanga mwaka 1500. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon kuwa chombo cha ibada cha kanisa, Custódia ya Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho mpaka leo kimo katika makumbusho ya jiji hilo. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, wakajenga ngome na kumweka mtawala wanayemtaka. Kufikia 1512 walikwisha kuondoka.

Kuondoka huko kunafundisha zaidi kuliko kuteka kwenyewe. Mwaka ule ule wa 1505 Wareno walijenga ngome Sofala, yaani waliishika dhahabu pale ilipotokea. Meli zao zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuikata bahari kwa safari ambazo hazikuhitaji kituo cha katikati. Kilwa haikuwa tena mahali pa kukutanisha safari mbili, na ngome ya kulinda mahali pasipo na kazi haikuwa na faida. Mwaka 1587 Wazimba, waliokuwa wakipanda kutoka kusini, waliingia kisiwani na kuua watu wengi, lakini mji waliouvamia ulikuwa umekwisha kudhoofika.

Karne ya 18 ilileta uhai mpya, na ulikuwa uhai wa aibu. Mashamba ya Wafaransa katika visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion yalihitaji watumwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Fedha hizo zilionekana mara moja: jumba la Makutani lilipanuliwa na kuzungushiwa ukuta, na misikiti ikakarabatiwa. Oman nayo iliona, na katikati ya miaka ya 1780 ikaiweka Kilwa chini ya mamlaka yake. Ngome inayoitwa Gereza, jengo la kwanza analolikabili msafiri anayevuka kutoka Masoko, ni kazi ya Waarabu wa Oman juu ya mabaki ya ngome ya Wareno.

Hapo ndipo kisiwa kiliposhindwa na jiografia yake. Dhahabu ilikuwa ikija kwa bahari, kwa hiyo kisiwa kilikuwa mahali sahihi pa kuipokea. Pembe za ndovu na watumwa walikuja kwa miguu, kwa misafara ya Wayao na wengine kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Msafara wa mamia ya watu ulihitaji uwanda wa kupumzikia, chakula cha kununua na soko la karibu. Kuuvusha mlango wa bahari kwa mashua kulikuwa gharama na kuchelewa. Ule mlango ambao, kwa mujibu wa tarehe, ulichimbwa ili bara lisifike, sasa ulizuia biashara ya bara. Kilwa Kivinje ikakua haraka. Bandari yake ni duni sana ikilinganishwa na ya Kisiwani, maana maji yakipwa tope huenea mbali, lakini ilikuwa bara, na hilo lilitosha. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kisiwani alipelekwa Oman. Kufikia miaka ya 1860 sehemu kubwa ya watumwa walioingizwa Zanzibar ilipitia Kivinje, idadi ikikaribia 20,000 kwa mwaka, hadi Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873.

Enzi ya Wajerumani iliipita Kisiwani pembeni. Utawala uliwekwa Kivinje, na ni Kivinje alikonyongwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, mwaka 1895, kwenye mti unaokumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Vita vya Maji Maji vya 1905 vilianzia katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya pwani hiyo. Waingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walihamishia makao ya wilaya Masoko. Walirudi, kwa maneno mengine, kwenye maji yale yale yenye kina yaliyoijenga Kilwa ya kwanza, ila safari hii upande wa bara.

Kijiji kilichobaki kisiwani si mabaki ya watu waliosahauliwa. Ni jamii iliyoendelea kuvua, kulima na kuswali mahali pale pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Wavuvi hutumia ngalawa, mitumbwi na mashua, pamoja na madema na nyavu. Mihogo na minazi hujaza pengo la siku zisizo na samaki. Shughuli za hospitali, ofisi na soko kubwa humlazimu mwanakijiji kuvuka kwenda Masoko, na pepo za kusi zikichafuka, kuvuka kunakuwa si jambo la hakika.

Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa pia katika orodha ya yaliyo hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Maadui zake ni mizizi ya miti inayopasua kuta, mvua inayolainisha chokaa, na zaidi ya yote bahari, ambayo imekula ufuko mbele ya Gereza na Makutani hadi kuangusha sehemu za kuta. Ukataji wa mikoko uliongeza kasi ya mmomonyoko, na upandaji wake umekuwa sehemu ya tiba. Siku hizi eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na meli za watalii hutia nanga mara chache kwa mwaka. Hizo ni fedha za msimu. Kijiji kinachoombwa kisichukue jiwe wala kukata mkoko kina haki ya kupata zaidi ya kazi ya kuongoza wageni kwa siku chache.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliisogeza Kilwa karibu na Dar es Salaam kuliko wakati wowote wa karne iliyopita. Mwaka 2023 kazi ya kujenga bandari kubwa ya uvuvi ilizinduliwa rasmi, na mahali palipochaguliwa ni Kilwa Masoko, ndani ya bandari ile ile ya asili. Kina cha maji kimeita tena, na gati likaanza kujengwa ng'ambo ya kisiwa.